Maneno ya kale ya Kiingereza na namna ya kuyapatia maana: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mwanasheria kijana na hati ya mashtaka, mwanafunzi wa fasihi na tamthilia ya Shakespeare, mhubiri na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mtafiti na mafaili ya zama za ukoloni: wote hufika mahali pamoja. Sentensi iko mbele ya macho, maneno yote ni ya kawaida, lakini maana haikai. Au inakaa vizuri kabisa, ila siyo aliyoikusudia mwandishi.

Neno usilolijua kabisa halina hatari kubwa. Ukikutana na "besom" katika Isaya 14:23 utakwama, utafungua kamusi, utaona kuwa ni ufagio, utaendelea. Linaloponza watu ni neno wanalolitumia kila siku, ambalo miaka mia nne iliyopita lilikuwa na kazi nyingine. Hilo halikusimamishi. Unalipita bila kushtuka, na kosa linaingia kwenye mahubiri, kwenye tafsiri, au kwenye mkataba uliokwisha kutia sahihi. Ndiyo maana mwongozo huu unayapa maneno ya aina hiyo nafasi kubwa kuliko yale magumu ya kutisha.

Hatua ya kwanza: pata mwaka kabla ya kufungua kamusi

Nakili sentensi nzima, siyo neno peke yake. Pembeni andika mambo matatu: iliandikwa mwaka gani, ni maandishi ya aina gani (dini, sheria, biashara, shairi, barua), na mwandishi alikuwa mtu wa wapi. Watu wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kutafuta maana, kisha hupoteza muda mrefu zaidi huko mbele.

Chukua neno "corn". Kwa Mmarekani wa leo ni mahindi. Kwa Mwingereza wa mwaka 1611 ni nafaka yoyote, hasa ngano na shayiri. Mahindi yalitoka bara la Amerika baada ya safari za Columbus, kwa hiyo mashamba ambayo Yesu na wanafunzi wake walipita katika Marko 2:23 hayawezi kuwa ya mahindi, hata kama Kiingereza kinasema "corn fields". Wasafiri wa Kiingereza wa karne ya 19 walipotaka kuyataja mahindi yenyewe, mara nyingi waliandika "Indian corn". Bila mwaka na bila kujua mwandishi ni nani, kamusi itakupa maana zote mbili na itakuacha uchague kwa kubahatisha.

Aina ya maandishi ina uzito kama mwaka. Katika taarifa za biashara ya Zanzibar za karne ya 19 utakutana na "domestics" zikishushwa melini kwa robota. Msomaji wa leo anawaza watumishi wa nyumbani, na akikumbuka historia ya biashara ya watumwa Zanzibar anaweza kuhitimisha jambo zito sana. Kumbe ni nguo: pamba isiyopaushwa iliyofumwa Marekani, ikaitwa hivyo kwa kuwa ilikuwa ya viwanda vya nyumbani kwao, siyo ya kuagiza nje. Wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, waliileta kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Ni ile ile tuliyoiita merikani. Na "factory" katika maandishi ya namna hiyo mara nyingi ni kituo cha biashara, mahali pa wakala na maghala yake. Usitafute mashine humo.

Angalizo moja kuhusu mwaka: mwaka wa kuchapwa si lazima uwe mwaka wa lugha. Sheria iliyochapwa jana inaweza kubeba neno la karne ya 17, kwa sababu wanasheria na makasisi huhifadhi maneno baada ya watu wengine wote kuyaacha.

Hatua ya pili: lishuku neno unalolijua

Dalili ni tatu. Sentensi haina kosa la sarufi lakini inasema jambo la ajabu. Neno limefuatwa na maneno ambayo leo haliandamani nayo. Au maana unayoipata inapingana na kilichosemwa mstari uliotangulia. Ukiona mojawapo, simama hapo hapo.

Biblia ya mwaka 1611 ni uwanja mzuri wa mazoezi, na msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Tafsiri yetu ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, haikufungwa na Kiingereza cha 1611. Kwa hiyo pale Kiingereza cha kale kinapoteleza, Kiswahili mara nyingi kinasimama wima. Weka Biblia mbili sambamba uone.

Katika 2 Wathesalonike 2:7 Kiingereza kinasema "he who now letteth will let". Kwa Kiingereza cha leo "let" ni kuruhusu. Kiswahili kinasema "yuko azuiaye sasa". Kinyume kabisa! Na Kiswahili ndicho kilicho sahihi. Kiingereza kilikuwa na maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana sura: moja lilitokana na "lætan", kuacha au kuruhusu, na jingine na "lettan", kuchelewesha au kuzuia, ambalo ni ndugu wa "late". La pili lilikuwa hai bado kwa Shakespeare. Hamlet anaposema "I'll make a ghost of him that lets me", anawatishia wanaomshika asimfuate mzimu wa baba yake, kwamba atakayemzuia atamgeuza mzimu naye.

Katika 1 Wathesalonike 4:15, "prevent" linaonekana kama kuzuia. Union inasema "hatutawatangulia". Neno limetoka Kilatini, "prae" mbele na "venire" kuja, na mwaka 1611 maana hiyo ya kutangulia ilikuwa ya kawaida. Wafilipi 4:6, "be careful for nothing", si ruhusa ya uzembe. Ni "msijisumbue kwa neno lo lote", maana "careful" ilikuwa kujaa wasiwasi. Katika 1 Timotheo 5:4 mjane ana "children or nephews", na Kiswahili kinasema watoto au wajukuu. "The quick and the dead" ni walio hai na waliokufa, hakuna mwenye mbio hapo. "Carriages" za Matendo 21:15 ni mizigo waliyoibeba wasafiri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Marko 6:25, binti wa Herodia akiomba kichwa cha Yohana "by and by in a charger". Msomaji wa leo anaona jambo la baadaye, tena lenye kifaa cha kuchajia simu. "By and by" wakati ule lilimaanisha mara moja, sasa hivi, na "charger" ni sahani kubwa ya kupakulia nyama. Union imeandika kombe. Na hapo kijana wa Kiswahili naye anaweza kujikwaa, kwa kuwa kombe analolijua yeye ni la mpira.

Usilitegemee jambo hili kupita kiasi. Tafsiri mbili zinaweza kutofautiana kwa sababu nyingine, kama vile matini ya Kigiriki waliyoifuata wafasiri. Kiswahili kikipingana na Kiingereza, chukulia kuwa umepata dalili ya kwenda kuthibitisha.

Hatua ya tatu: isafishe tahajia

Hatua hii ni fupi ukishazoea. Katika vitabu vya Kiingereza vya kabla ya mwaka 1800 hivi, utaona herufi "s" ndefu inayofanana sana na "f" iliyokosa mkato wake. Ilikaa mwanzoni na katikati ya neno, siyo mwishoni. Programu zinazogeuza picha za kurasa kuwa maandishi huisoma kama "f", na matokeo yake ukitafuta "sail" katika kitabu cha kale kilichowekwa intaneti utalikosa, na ukitafuta "fail" utaletewa matanga. Tafuta kwa sura zote mbili.

Herufi "u" na "v" zilikuwa kama herufi moja: "v" mwanzoni mwa neno, "u" katikati. Mstari wa kwanza wa Biblia ya 1611 una "Heauen", na "unto" huandikwa "vnto". Vivyo hivyo "i" na "j", ndiyo maana "Iesus". Na "ye" lenye "e" ndogo iliyopandishwa juu ni "the" tu: wapiga chapa walitumia "y" badala ya herufi ya kale iliyowakilisha sauti ya "th". Usilichanganye na "ye" la kuita watu wengi, ambalo ni neno jingine kabisa.

Hatua ya nne: lirudishe neno kwenye umbo la kamusi, na umtambue anayeambiwa

Kamusi haina kidahizo, yaani neno linaloongoza maelezo, cha "letteth". Ondoa "-eth" ya nafsi ya tatu na "-est" ya nafsi ya pili umoja, kisha ndipo utafute. Baadhi ya maumbo hayapatikani kwa kuondoa kitu: "wist" ni wakati uliopita wa kujua, "wot" ni kujua wakati uliopo, "holpen" ni "helped", "durst" ni "dared".

Sasa viwakilishi, na hapa Kiswahili kinatubeba. "Thou" na "thee" ni wewe. "Ye" na "you" ni ninyi, la kwanza likiwa mtenda na la pili mtendwa. Kiingereza cha leo kimeufuta mpaka huo na kubakiza "you" kwa wote. Soma Luka 22:31-32: Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka "you", halafu anasema amemwombea "thee". Mwingereza wa leo akisoma kwa tafsiri mpya isiyo na angalizo, anadhani mtu ni yule yule mmoja. Msomaji wa Union anaona mara moja: Shetani amewataka ninyi, lakini nimekuombea wewe. Kundi zima linapepetwa, na mmoja anaombewa ili awaimarishe wenzake.

Kwa Shakespeare mambo yana tabaka jingine. Kufikia wakati wake, "you" lilikuwa pia neno la heshima kwa mtu mmoja, na "thou" likabaki kwa mpenzi, mtoto, mtumishi, Mungu, au mtu unayemdharau. Mwaka 1603, katika kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh, mwanasheria wa serikali Edward Coke alimrushia "thou" makusudi ili kumtukana, tena akasema wazi kwamba anamwita hivyo. Ukisoma tamthilia, weka alama pale mhusika anapohama kutoka "you" kwenda "thou". Mara nyingi hapo ndipo hasira au mapenzi yanapoanza. Kwa Kiswahili, ambacho heshima yake haikai kwenye wewe na ninyi, mfasiri hulazimika kuitafuta kwingine: kwenye bwana, mheshimiwa, mwanangu, au kwenye namna ya kuamuru.

Hatua ya tano: chagua kamusi inayolingana na umri wa sentensi

Kamusi za Kiingereza kwa Kiswahili tulizo nazo, kuanzia ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi ya TUKI ya 1996, zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza kinachotumika. Ni kamusi nzuri, ila zisilaumiwe kwa kutokuwa na "let" ya kuzuia. Kwa lugha ya kale unahitaji kamusi za Kiingereza kwa Kiingereza, na hapa inafaa kujua ni ipi kwa kipindi gani.

Kubwa kuliko zote ni ile ya Oxford. Wazo lake lilitolewa mwaka 1857 katika Philological Society ya London, James Murray akawa mhariri mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikatoka 1884, na kazi ikamalizika 1928. Murray mwenyewe hakuiona ikiisha. Alifariki mwaka 1915 akiwa kwenye herufi T. Ubora wake uko katika namna ilivyojengwa: watu wa kujitolea walisoma vitabu vya karne nyingi na kutuma vikaratasi, kila kimoja kikiwa na sentensi halisi na mwaka wake. Mmoja wa waliotuma kwa wingi alikuwa daktari wa jeshi wa Kimarekani, William Chester Minor, aliyekuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor. Kwa hiyo kamusi hii haikuambii tu kwamba neno lilikuwa na maana fulani. Inakuonyesha nani aliliandika hivyo, lini, na mara ya mwisho kuonekana ni lini. Toleo la pili, la 1989, ni juzuu 20. Toleo la mtandaoni ni la kulipia, lakini vyuo vikuu vingi vina usajili, na juzuu za toleo la kwanza zimepigwa picha na zinapatikana bure kwenye maktaba za mtandaoni.

Kwa karne ya 18, tumia kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755. Inakuonyesha neno lilivyoeleweka siku ile ile, na mifano yake mingi ni ya waandishi waliomtangulia. Kwa Kiingereza cha Marekani cha karne ya 19, Noah Webster wa 1828. Kwa Shakespeare peke yake, kamusi ya Alexander Schmidt ya miaka ya 1870, ambayo inafuata neno tamthilia kwa tamthilia. Kwa Kiingereza cha kati ya mwaka 1100 na 1500 kuna kamusi kubwa ya Chuo Kikuu cha Michigan, na hiyo iko wazi kwa kila mtu.

Soma mpangilio wa maana kabla ya kuchagua. Oxford kubwa inaanza na maana kongwe na kushuka. Merriam-Webster nayo huanza na ya kale. Kamusi za wanafunzi huanza na inayotumika sana leo. Mtu akizoea kuchukua maana namba moja bila kujua hilo, atachukua iliyokufa akidhani ni ya kawaida, au kinyume chake.

Alama nazo ni za kusoma, siyo za kuruka. "Obsolete", au alama ya msalaba mdogo mbele ya maana, ni neno lililokufa: hakuna anayelitumia tena. "Archaic" ni la kizamani ila linatumika bado kwa makusudi, kwenye mashairi, sala au sheria. "Historical" ni neno hai la kitu kilichokufa, kama aina ya silaha au cheo. "Dialect" ni la sehemu fulani tu, na "rare" halitokei mara nyingi.

Hatua ya sita: lifuate neno moja hadi mwisho

Nitachukua "utter", kwa kuwa linasomeka kwenye taarifa za mahakama Nairobi na Dar es Salaam kila mara na linaeleweka vibaya kila mara. Mshtakiwa anasomewa shtaka la "uttering a false document". Tunajua "utter" ni kutamka. Je, alitamka hati? Wengine huipita kwa kudhani kwamba alisema uongo mbele ya ofisa.

Tuanze na mwaka na aina. Shtaka liko katika kifungu cha 353 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, na kifungu cha 342 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16. Sheria zote mbili ni urithi wa ukoloni wa Kiingereza, na lugha ya jinai ya Kiingereza ni kongwe kuliko ukoloni wenyewe. Kwa hiyo tunatarajia neno la zamani.

Dalili ya kushuku ipo: hati haitamkwi.

Fungua Johnson wa 1755. Pamoja na kutamka, anatoa maana ya kuuza. Analihusisha neno na "outer", cha nje. Sasa picha inaanza kuonekana: kutoa kitu nje, kukipeleka kwa watu. Sauti ukiitoa nje, umetamka. Bidhaa ukiitoa nje, umeuza. Pesa bandia ukiitoa nje, umeiingiza kwenye mzunguko.

Tafuta shahidi wa pili wa enzi hizo. Katika Romeo na Juliet, mwuza dawa maskini wa Mantua anamwambia Romeo kwamba sumu anazo, lakini sheria ya Mantua ni kifo "to any he that utters them". Yaani kwa yeyote atakayeziuza. Hapo hakuna ubishi, kwa sababu mazungumzo yenyewe ni ya kununua.

Rudi kwenye sheria. Vifungu vya ufafanuzi vya kanuni hizi vinaeleza kwamba "utter" inajumuisha kutumia kitu au kujihusisha nacho, na kujaribu kumfanya mtu mwingine akitumie au achukue hatua kwa kukitegemea. Kwa hiyo shtaka ni la kuitumia au kuiwasilisha hati ya uongo, akijua ni ya uongo na kwa nia ya kudanganya. Ni kosa linalosimama peke yake, mbali na kughushi. Aliyeichonga hati ni mmoja, aliyeipeleka dirishani anaweza kuwa mwingine, na huyu wa pili hawezi kujitetea kwa kusema "mimi sikuandika".

Hivyo ndivyo kazi inavyokwenda: mwaka, shaka, kamusi ya wakati huo, shahidi wa pili, kisha kurudi kwenye sentensi uliyoanza nayo. Usikubali maana yenye shahidi mmoja tu ikiwa kuna kitu kizito kinachoitegemea.

Hatua ya saba: ipachike maana kwenye sentensi na uisome kwa sauti

Andika sentensi upya ukiweka maana uliyoipata badala ya neno. Juliet anasema "wherefore art thou Romeo", na wanafunzi wengi wanaoigiza huangaza macho huku na huku wakimtafuta. Weka "uko wapi" halafu endelea na mistari inayofuata: anamwomba amkane baba yake na alikatae jina lake. Haifuati. Weka "kwa nini wewe ni Romeo" na kila kitu kinashikana. Tatizo lake ni jina na ukoo wa maadui, na hata hajui kwamba Romeo yupo chini anamsikiliza.

Jaribu na sentensi hii ya Portia katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi: "draw aside the curtains and discover the several caskets". Ukisoma kwa Kiingereza cha leo, mtumishi anaagizwa akagundue makasha kadhaa. Lakini makasha yanajulikana yalipo, na ni matatu tu. "Discover" hapa ni kufunua, na "several" ni kila kimoja kwa nafasi yake. Fungua pazia uyaonyeshe makasha, moja moja.

Hilo "several" lina mambo, kwa sababu bado linatuuma leo. Fomu za udhamini wa mkopo zina maneno "jointly and severally". Wadhamini wanne wakisaini, wengi huamini kila mmoja amejifunga kwa robo ya deni. "Severally" ni lile lile la Portia: kila mmoja peke yake. Mkopeshaji anaweza kumfuata mdhamini yeyote kati ya wanne kwa deni lote zima, akamwacha yeye ahangaike na wenzake baadaye. Ukimsaidia mtu kusoma fomu kama hiyo kabla hajasaini, mweleze neno hili kwanza, kabla ya riba.

"Malice aforethought" ni jirani yake. Kesi ya mauaji kwa kukusudia inahitaji jambo hili kwa sheria za Kenya na Tanzania, na watu hubisha kwamba mshtakiwa hakumchukia marehemu, hata hawakujuana. Sheria haiulizi chuki. Inauliza nia iliyokuwepo, kwa mfano ya kuua au ya kudhuru vibaya, na vifungu vyenyewe vimeorodhesha hali zinazotosha.

Mitego ya kuepuka njiani

Asili ya neno siyo maana yake. "Nice" limetoka Kilatini "nescius", asiyejua, na lilianza Kiingereza likimaanisha mpumbavu. "Silly" lilianza kama aliyebarikiwa, likawa asiye na hatia, likawa dhaifu, likaishia kuwa mjinga. "Girl" liliwahi kuwa mtoto wa jinsia yoyote. "Meat" lilikuwa chakula chochote, ndiyo maana Mwanzo 1:29 inatoa mimea iwe "meat". Historia hizi zinafurahisha na zinasaidia, lakini kinachoamua ni jinsi neno lilivyotumika mwaka wa sentensi yako. Mtu anayemsahihisha mwenzake kwamba "decimate" lazima iwe kuua mmoja katika kumi, kama walivyofanya majeshi ya Roma, anachanganya kuzaliwa kwa neno na maisha yake.

Tahadhari pia na asili tamu mno. Ile hadithi ya "sincere" kutoka "bila nta", ya wachongaji wasioficha nyufa, inazunguka sana kwenye mahubiri na semina. Kilatini chake ni "sincerus", safi, halisi, na ya nta haina ushahidi.

Maneno yaliyoganda ndani ya misemo yana faida kubwa, maana yanakupa maana ya kale bila kutafuta mbali. Pasipoti ya Uingereza inaomba mwenyewe apite "without let or hindrance". "Quick" ya uhai imebaki katika "quicksilver", zebaki, ile madini inayokimbia kama kitu hai. Mafaili ya zamani yana yao: "your letter of the 14th instant" ni tarehe 14 ya mwezi huu huu, "ultimo" ni mwezi uliopita, "proximo" ni ujao, na huandikwa kwa kifupi inst., ult. na prox. Mtafiti anayekaa na barua za makonsuli pale Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, asipojua haya matatu atapanga matukio kwa miezi isiyo yake. Na wosia unaosema mtu amefariki "without issue" unasema hakuacha mtoto.

Hatua ya mwisho: tunza daftari lako

Kila neno ulilolifanyia kazi liandikie mistari michache, kwenye daftari au kwenye faili la kompyuta: umbo la kamusi, sentensi ulipolikuta na mwaka wake, maana ya wakati huo kwa Kiswahili chako mwenyewe, kamusi iliyothibitisha, na shahidi wa pili. Usiandike maana tupu bila sentensi, kwa kuwa baada ya muda hutakumbuka ilitoka wapi na hutaweza kuitetea. Acha nafasi chini, maana utakutana nalo tena.

Kidahizo kimoja kingekaa hivi: *censure*. "Censure me in your wisdom", Brutus akiwahutubia Warumi katika Julius Caesar, 1599. Maana: kupima na kutoa hukumu, iwe nzuri au mbaya, siyo kulaumu. Imethibitishwa kwa Schmidt. Shahidi wa pili: Hamlet, pale Polonius anapomuusia mwanawe apokee "each man's censure" lakini azuie hukumu yake mwenyewe. Kiswahili kinachofaa: nipimeni kwa hekima yenu.